Mungu Anilehemu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja mjini Kitale ambapo herufi moja iliyokosewa ilinipatia harusi. Cheka tu.

Nilikuwa nimeposwa. Lakini baba mdogo, Wafula, aliyechunga ng'ombe wa mzungu kule Endebess, karibu na Kitale, alikuwa ametamka kwenye pombe, watu wakisikia, kwamba baba yangu hakuzaliwa na babu. Maneno hayo yakafika kwetu Misikhu, wakwe wakaanza kuuliza binti huyu ni wa ukoo gani. Baba akaapa kwamba hakuna ng'ombe wa mahari atakayeingia zizini mwake mpaka ndugu yake aje ayafute mbele ya wote.

Nikapanda lori kumfuata. Nilikuwa na hasira, na mdomo nilikuwa nao, usinione hivi. Baba mdogo hakukataa. Alisema tu kwamba toba ni zawadi ya Mungu, na yeye bado hajapewa. Kila Jumapili aliiomba kanisani, akangoja.

Kesho yake alipeleka ndoo ya kukamulia iliyotoboka kwa fundi bati, Mzee Salim, jirani na msikiti wa mjini, nikafuatana naye. Fundi aliona nimenuna, akauliza kulikoni. Baba mdogo akamweleza yote, akamalizia, "Mimi namwomba tu Mungu anilehemu."

Alitaka kusema anirehemu, lakini unajua sisi na hizi L na R zetu. Mzee Salim aliweka nyundo chini, akacheka mpaka kofia ikamtoka.

"Akulehemu? Kuunga bati kwa moto si ndiyo kazi yangu, bwana." Halafu akaigeuza ile ndoo, na sasa hakuwa anacheka. "Lakini bati lenye kutu halishiki lehemu. Lazima lisuguliwe kwanza."

"Na likishasuguliwa?"

"Bado haliwezi kujiunga lenyewe. Moto ni wa mwingine."

Baba mdogo akapitisha kidole kwenye kutu ya ndoo, kisha akaniambia twende Misikhu. Ndoo aliiacha palepale. Nilimfuata mbio hadi kwenye malori, leso mkononi, nikitamani kupiga vigelegele katikati ya mji.

Wakwe waliitwa, wakaketi. Baba mdogo akasimama mbele ya baba, uso mkavu kabisa, akasema, "Huyu ni mtoto wa baba yangu. Nilisema uongo." Alikusudia kuishia hapo. Lakini kufika hapo akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake, mpaka baba akainuka akamkumbatia. Ah, furaha niliyoiona siku ile siwezi kukugawia yote.

Baadaye nilimuuliza ile zawadi yake alipewa lini.

"Miguu ilikuwa yangu," akasema. "Machozi nililetewa."

Basi, mwanangu, watu wakibishana kama toba hutoka kwa Mungu au kwa mtu, wasikilize, lakini usikae ukingoja. Uliyemkosea unamjua, na njia ya kwake unaijua. Nenda leo, hata kama moyo wako bado ni mgumu. Mungu akukute njiani akupe usichoweza kujipa, na mlango utakaoubisha ufunguliwe na mtu ambaye bado anakupenda.