Somo la Mfano la Bu Sumiarsih

Bu Sumiarsih, na "Bu" kwetu Java ni "Mama", amefundisha kemia katika sekondari yetu ya Kutoarjo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na muda wote huo hajawahi kushangaa. Majibu ya jaribio huyaandika ubaoni kabla vyombo havijatoka kabatini, ili watoto, asema yeye, wasipotee. Swali huliacha nusu, darasa likalimalizia kwa sauti moja, na hilo ndilo analoliita kuelewa.

Jaribio lenyewe ni jepesi kuliko kupika wali. Unachukua vijiti viwili vya kaboni, betri na balbu ndogo. Kwenye maji ya chumvi balbu huwaka sana, kwenye siki huwaka hafifu, kwenye maji ya sukari haiwaki. Ndivyo kisemavyo kitabu. Lakini siki ya dukani kwa betri zetu chovu haijawahi kuwasha kitu, na mwaka huu binti mmoja, Wening, akathubutu kuandika hivyo.

"Umeandika nini hapa, Nduk, binti yangu?" Bu Sumiarsih alimuuliza.

"Haikuwaka, Bu."

"Kitabu kinasema hafifu. Kati yako na kitabu, nani kasoma zaidi?"

"Kitabu hakijasoma, Bu. Kimeandikwa tu."

Darasa likacheka. Wening akapewa sifuri.

Mwezi uliofuata akaja mkaguzi, Pak Handoyo, yaani Bwana Handoyo, kuangalia somo la mfano. Bu Sumiarsih alikuwa anautamani ukufunzi wa wilaya: akifaulu somo hilo angeachana na chaki na kwenda kuwafundisha walimu wenzake. Hakuwa tayari kuangushwa na siki. Asubuhi, darasa likiwa tupu, akaenda kuitia chumvi kwa siri. Bilauri tatu zilikuwa zimepangwa, karatasi za majina zikiwa zimegeukia ukutani. Alijua siki ni ile ya katikati. Hakujua kwamba mfagizi alikuwa amefuta meza na kuzipanga upya, na pua yake, iliyozibwa na mafua na kupakwa mafuta ya kayu putih, dawa yenye harufu kali, isingenusa hata nyumba ikiungua. Chumvi yote ikaingia kwenye sukari.

Sisi walimu tuliketi nyuma. Maji ya chumvi yakawasha balbu, kila mtu akaridhika. Kisha siki.

"Hapa balbu inawaka, lakini kwa mwanga ha...?"

"...fifu!" watoto wakaitikia. Balbu ilikuwa imekufa kabisa.

Akahamishia vijiti kwenye sukari. Balbu ikawaka kama ya arusini. Bu Sumiarsih aliiona, maana aliitazama mara mbili. Kisha akaligeukia darasa.

"Na kwenye sukari, watoto, balbu hai...?"

"...waki!"

Mwanga wa balbu ulikuwa nyusoni mwao, na wakasema haiwaki. Hata Wening. Nilikuwa nikitazama mdomo wake.

Pak Handoyo alikuwa anamalizia risoles kutoka kwenye kisanduku cha vitafunio, kama tulichogawiwa sote. Akafuta vidole.

"Safi sana, Bu. Wanajibu kwa pamoja. Hii ndiyo nidhamu."

"Ni mazoezi tu, Pak."

"Ila hiyo ya sukari izime. Betri zitaisha bure."

Nikamgusa mwalimu mwenzangu wa hesabu. "Umesikia? Ameona kwamba inawaka."

"Ameona betri, Mas," akanijibu, akiniita kaka. "Kula risoles yako."

Ukufunzi Bu Sumiarsih aliupata. Wiki hiyohiyo Pak Handoyo alimkagua kijana mmoja wa shule jirani, ambaye balbu yake pia haikuwaka kwenye siki. Huyo aliwauliza wanafunzi kwa nini, nao wakabishana mpaka kengele ikalia, wakabadilisha betri, wakasogeza vijiti, wakagombania zamu ya kujaribu. Mkaguzi alimwandikia kwamba darasa lake lina kelele, na kwamba hajui majibu ya somo lake mwenyewe. Ameagizwa ahudhurie mafunzo. Mkufunzi wake ni Bu Sumiarsih.