Aliyezika na Aliyezikwa

Yule dereva mstaafu wa tramu, aliyelazwa kwa kiharusi katika wodi yangu mjini Perm, alijua kila neno likiwa peke yake. Yakiungana, hakujua nani katenda na nani katendwa. Nikimwonyesha picha mbili, aguse ile ya msichana anayesukumwa na mvulana, kidole chake kinene kilisitasita, kisha kikagusa isiyo yenyewe. “Ndiyo, ndiyo,” husema, kwa sauti ileile ya kutangazia vituo. Jumatatu ilinibidi nimwambie habari ya mkewe: “Mzee wangu, Klavdia wako amezikwa na dada yake.”

Machozi yakamlenga. “Dada... maskini. Klavdia... analia?” Akaomba kitana, ajichane kabla mkewe hajafika. Nikamshika mkono, nikasema maneno mawili tu: “Klavdia amekufa.”

Hayo aliyaelewa.