Sufuria Mbili za Ukurasa wa Nne

Katika kikao kile cha kusoma, mwandishi hakuruhusiwa kusema. Ndivyo walivyozoea katika idara ya historia ya chuo kikuu. Andiko lako liliwekwa mapema ndani ya sanduku la mbao nje ya ofisi ya katibu, kila mwanakikao akachukua nakala akaisoma kwake, na siku ikifika mtu mwingine, mchambuzi, ndiye aliyelieleza na kulipasua. Wewe ulikaa ukasikiliza. Nafasi yako ilikuja mwishoni kabisa, wengine wakishachoka.

Mimi sikuwa mwanafunzi. Niliacha shule baada ya kidato cha nne nikawa nauza spea za pikipiki Nakawa, hapa Kampala, katika duka la mjomba. Historia nilijifundisha kwa vitabu vya mitumba, na tanbihi nilijifunza kwa kunakili tanbihi za wenzangu kwa mkono, mpaka nukta zao. Mtu wa nje aliruhusiwa kuhudhuria muhula mmoja. Ukiisha, alete andiko, na kikao kiamue kama atabaki. Muhula wangu ulikuwa umeisha, na hapakuwa na mahali pengine mjini ambapo mtu angenisikiliza nikizungumza habari za reli bila kupiga miayo.

Andiko langu lilihusu jirani zetu wa mtaa wa Namuwongo: familia za Wakenya waliokuja kufanya kazi reli, na ambao kazi ilipokufa hawakurudi kwao. Baba alikuwa mmoja wao. Katika ukurasa wa nne nilimweka mama, bila kusema ni mama, na maneno yake kama alivyoyatamka: "Hatukurudi kwa sababu ya aibu. Ungeshuka nyumbani na nini? Sufuria mbili?" Juu ya maneno hayo nilijenga hoja yangu yote, kwamba aibu iliwashika watu Kampala kuliko mshahara.

Siku mbili baada ya kuweka nakala nilitoroka dukani kwenda kuchungulia sanduku. Rundo lilikuwa nene vilevile. Hakuna aliyechukua hata moja. Nilisimama pale koridoni masikio yakiwaka, nikajisoma upya kwa macho yao, na zile sufuria zikaonekana kama doa kwenye shati jeupe. Nani angechukua andiko lenye sufuria?

Jioni ile niliandika upya. Niliondoa sufuria, nikaondoa aibu, nikamwondoa mama. Mahali pao niliweka "sababu mbalimbali za kiuchumi na kijamii". Asubuhi nikawa wa kwanza kwenye kibanda cha fotokopi cha Wandegeya, karibu na chuo.

"Ssebo, bwana, wewe tena?" mwenye mashine alisema. "Ile ya juzi ilikuwa na makosa gani?"

"Nimerekebisha kidogo."

"Kidogo! Wewe utaoa kweli? Bibi harusi atakaa kanisani, wewe unarekebisha."

Nilicheka ili amalize haraka. Nilipopokea karatasi, wino wa mashine ukanipaka kwenye mkono wa shati. Nikabadilisha rundo sandukuni, nikaenda kazini nikiwa mwepesi kama mtu aliyetapika.

Kikao kilifanyika wiki iliyofuata, mchana, chumba cha juu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa nimevaa shati lile lile, ndilo pekee lenye kola nzima, na mkono wenye wino, uliokataa kutoka kwa sabuni, niliuficha chini ya meza. Kikao chenyewe kilikuwa cha Kiingereza, lakini mambo haya nayakumbuka kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu. Mchambuzi wangu alikuwa dada mmoja aliyesomea shahada ya uzamivu, mwenye sifa ya kutomwonea mtu huruma.

"Mwandishi anadai kwamba aibu iliwaweka watu hapa kuliko mshahara," alianza. "Ni hoja ya kijasiri. Lakini ushahidi wake ni mama mmoja na sufuria mbili."

Profesa, mwenyekiti wetu, akafunua karatasi zake mbele na nyuma. "Sufuria gani?"

"Ukurasa wa nne, Profesa."

"Ukurasa wangu wa nne una sababu mbalimbali za kiuchumi na kijamii."

"Hata wangu," mtu akasema.

"Mimi ninazo sufuria," akasema mwingine, na watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Niliinua mkono, ule msafi.

"Mwandishi, zamu yako bado," Profesa alisema bila kuniangalia. Kisha akamgeukia katibu, aliyekuwa pembeni akiandika kumbukumbu. "Nnyabo, bibi, hizi nakala zimekuwaje?"

"Profesa, zile za kwanza ziliisha siku ile ile. Watu wakaja kuniuliza, nikadurufu nyingine nikajaza sanduku. Hizo zenu sijui zimetoka wapi."

Ziliisha siku ile ile. Walikuwa wamenichukua, wakanisoma, wakataka zaidi, nami nilikuwa nimesimama mbele ya rundo la katibu nikijionea haya.

Nilidhani wangeahirisha. Hawakuahirisha. Wenye sufuria walibishana kwa muda mrefu: kama aibu inaweza kupimwa, kama wanaume wangesema jambo lile lile, kama mama yule alikuwa akijitetea. Mmoja aliita hoja yangu upuuzi mtupu, na jirani yake akamjia juu. Wenye nakala mpya walitazama dirishani. Kazi ile niliyoisugua ikang'aa haikumpa mtu yeyote neno la kusema, hata baya.

"Haya, mwandishi," Profesa alisema hatimaye. "Kabla hatujaamua habari yako. Andiko lako ni lipi?"

La pili halikuwa na kosa. Nilijua kila nukta yake.

"La kwanza."

"Na hili nililolisoma mimi?"

"Hilo nililiandika kwa woga."

Mchambuzi akaegemea mbele. "Na huyu wa sufuria ni nani?"

"Ni mama yangu."

Hakuna aliyecheka. Mchambuzi alichukua kalamu, akaandika kitu pembeni mwa ukurasa wake wa nne. Profesa akawatazama wenzake mmoja mmoja. Vichwa vikaitikia, hata cha yule wa upuuzi mtupu.

"Muhula ujao utachambua andiko la dada huyu," akaniambia. "Na yeye ataleta nakala za aina moja."

Nilirudi Namuwongo kwa miguu nikasahau kula njiani. Mama alikuwa mlangoni akipepeta mchele.

"Wamekufukuza?"

"Wamesema nirudi. Mama, niliwaambia aliyesema habari ya aibu ni wewe."

Ungo ukasimama. Alinitazama usoni, kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye wino wa mkono wa shati.

"Uliwaambia mimi ni mama yako," alisema, "umevaa hivyo?"