Fundi Aliyewachorea Bagika na Bagalu

Ukifika Kirumba, hapa Mwanza, ukaulizia kwa Muharami, watakuuliza: Muharami yupi, wa mitumbwi au wa kompyuta? Usihangaike, ni mtu mmoja. Wanaomjua kwa mitumbwi ni wale wa siku nyingi, waliomwona pale soko la samaki la Mwaloni amechuchumaa mchangani, suruali imeganda rangi ya mafuta hadi magotini, akiandika majina ubavuni mwa mitumbwi ya dagaa. Wanaomjua kwa kompyuta ni hawa wa sasa, wanaopanga foleni kwenye kibanda chake nyuma ya uwanja wa mpira kutengenezewa kadi za harusi, video za kwaya na matangazo ya migahawa. Mama yake, Bi Maulida, hana habari na mgawanyo huo. Kwake yeye mwanawe ni mchoraji, na ukimwambia habari za kompyuta anakukatia kauli kwa kukuuliza kama umeshakula.

Muharami ni mtoto wa mjini hasa. Babu yake mzaa baba alikuja na reli kutoka Tabora, bibi akiwa Mkerewe, na kwa upande wa mama mna damu ya Kimanyema na nyingine ambayo wazee wakiulizwa hubadilisha mazungumzo. Nyumbani kwao ni Kiswahili tu. Kisukuma chake ni cha sokoni, cha kusalimia na kuulizia bei. Mambo ya Usukumani aliyapenda kwa macho bila kuyajua kwa ndani, na hilo ndilo lililokuja kumponza.

Zilipoingia mashine za kuchapisha mabango, kazi ya brashi ilikauka. Mwenye duka aliyekuwa akisubiri wiki nzima ukuta wake uandikwe, sasa aliagiza bango asubuhi akalitundika mchana. Muharami alinuna. Alinuna kwa muda mrefu, na nasema hivi kwa kumpenda, maana ni mtu akinuna hata chai haisogei mezani. Kisha rafiki mmoja akamwonyesha kwenye simu zile programu za akili mnemba: unaiandikia unachotaka, inakuchorea. Muharami akaomba mawe ya Mwanza na ziwa. Ikamletea bahari na minazi. Akaomba sangara, ikamletea samaki wa mapambo mwenye mapezi ya rangi kama kilemba cha bibi harusi. Akaomba mcheza ngoma wa Kisukuma, ikamletea Mmasai na mkuki wake. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akakasirika, halafu akachukua kalamu.

Ndipo alipopata njia yake. Alichora sangara mwenyewe kwenye karatasi, yule sangara halisi mwenye sura ya mtu aliyedhulumiwa, akampiga picha, akamtia kwenye programu na kuiambia impe rangi na kumwogelesha. Samaki akaogelea. Tangu siku hiyo chombo kile akakiita saidia fundi. Saidia fundi anakoroga zege, anabeba tofali, anapanda ngazi bila kulalamika, lakini ukuta upite wapi anaamua fundi. Hiyo ikawa sheria ya kibandani: sura kwanza mkononi, mengine kwa saidia fundi.

Kazi ikamfungukia. Sato wake anayekonyeza jicho, ambaye alimchorea mama mmoja mwenye mgahawa, alizunguka kwenye simu za mji mzima. Tangu daraja la Busisi lifunguliwe, wateja wa Sengerema na Geita wanakuja asubuhi na kurudi kwao kabla jua halijawa kali. Alijifunza kutengeneza sauti, kuunganisha muziki, kupanga hadithi fupi za picha zinazotembea. Alikuwa na furaha ya mtu aliyedhani amezeeka akakuta bado ana meno.

Lakini kuna mtu mmoja aliyemshika mkono kabla ya haya yote, na ndiye anayenifanya nisimulie. Mzee Shigela ni mkulima wa mpunga wa Magu na manju, mtunzi na mwongoza nyimbo, wa kundi la ngoma. Wakati ule wa kununa, wateja wote wamehamia kwenye mabango, yeye alikuja Kirumba na ngoma zake kwenye toroli akataka zichorwe kwa brashi. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akatazama kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na alipoinuka alisema, "Mwanangu, wewe una mkono. Usiutupe." Baba yake Muharami alikwishafariki, na hakuna mwanamume mwingine aliyekuwa amemwambia maneno hayo. Sifa za wateja alizipokea akazisahau, lakini neno la Shigela ndilo alilokuwa akiamka nalo, na mara kwa mara alikwenda Magu kula wali nyumbani kwa mzee.

Basi mwaka jana, baada ya mavuno, Shigela akaja tena. Safari hii alitaka video ya kuwaita watu kwenye mashindano. Kwa asiyejua: Wasukuma wa ngoma wamegawanyika pande mbili za tangu enzi, Bagika na Bagalu, na Shigela ni Mgika. Siku ya mashindano pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huku na huku. Hakuna jaji wala maksi. Watu wanatembea kwa miguu yao kwenda wanakovutiwa, na upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila kundi lina siri zake za kuvuta watu, nyimbo mpya, vituko, na dawa ya mvuto pia, na siri hizo huzioni mpaka ngoma ilie.

Wiki ileile akaingia kibandani Mhoja, manju wa Bagalu, mtu mnene mcheshi, akasema amesikia kuna fundi. Muharami akamkaribisha kwa mikono miwili. Mtoto wa mjini huyo alifikiri ni kama mambo ya mpira, ambako mchoraji hupaka nembo ya Simba leo na ya Yanga kesho na hakuna anayemnyooshea kidole. Tena alikuwa amezidiwa na kazi. Nyuso za mamanju wawili alizichora kwa mkono, vizuri kabisa. Lakini wachezaji na watazamaji nyuma yao alimwachia saidia fundi awatoe kichwani mwake. Wakatoka watu wazuri, wanene, wenye meno meupe, wakirusha vumbi. Muharami akawatumia kwa Shigela, akabadilisha rangi ya nguo, akawatumia kwa Mhoja.

Video zilifika Magu siku moja, na haikufika jioni kabla watu hawajang'amua. Akina mama waliokuwa wakiwapigia vigelegele Bagika walikuwa ndio haohao waliowapigia Bagalu. Kulikuwa na baba mmoja wa kofia pana aliyechezea pande zote kwa bidii ileile. Magu nzima ikamwita Mzee Popote. Walicheka hadi watoto wakamwigiza. Mzee Shigela hakucheka. Wengine walisema wazi kwamba yule fundi wa Kirumba amechukua mvuto wa Bagika akauvusha kwa maadui, na kwamba Shigela mwenyewe ndiye aliyemkaribisha nyumbani.

Aliyempigia simu Muharami ni Getruda, binti wa Shigela, ambaye ni mwimbaji katika kundi. Alimweleza yote taratibu, kisha akamwambia asije. Muharami akaenda.

Alimkuta mzee uwanjani kwake akipepeta mpunga. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kavu. Alianza kujieleza: kwamba hakujua, kwamba hakuvusha siri yoyote, kwamba wale watu wametengenezwa na chombo tu. Aliongea sana, kama mtu yeyote mwenye makosa. Shigela alimwacha amalize.

"Hicho chombo sikijui," alisema. "Hakijawahi kukaa hapa kikala wali wangu. Aliyekaa ni wewe. Mimi nina watu, Muharami. Nina mama anacheza na goti bovu. Nina kijana ana kigugumizi mpaka ngoma ilie. Wewe ukanitafutia watu wasiokuwepo ukaniwekea nyuma yangu, na haohao ukampa Mhoja. Sasa mimi nikiwaangalia watu wangu niwaambie nini?"

Mzee akarudi kwenye ungo wake, na hakumwambia aende wala akae.

Nikwambie ukweli, angeweza kurudi mjini akaendelea na maisha. Wateja hawakupungua, Mzee Popote alikuwa amemtangaza kuliko sato. Lakini alijua amevunja sheria yake mwenyewe, na amemvunjia nani. Aliona aibu, aibu ile ya kweli inayokufanya usiweze kula kwa mama yako. Bi Maulida alipogundua sababu alimwambia tu kwamba picha isiyokamilika hurudiwa.

Akaanza kwa Mhoja. Alimwomba radhi akamweleza kwamba hataweza kumfanyia kazi nyingine ya ngoma. Mhoja alicheka tumbo likatikisika, akasema yeye hana kinyongo, lakini ajue kwamba kuanzia leo atamhesabu kuwa Mgika, na Bagalu hawamhurumii Mgika. Kisha Muharami akawa anakwenda Magu mazoezini. Shigela alipita mbele yake kama anayepita kando ya jiwe. Getruda ndiye aliyempa kigoda. Alikaa akachora: mama wa goti bovu, kijana wa kigugumizi, mpiga ngoma anayefumba jicho moja, bibi anayeshika pua akicheka. Alichora kila uso kwa mkono, akaukosea, akaurudia. Akawauliza majina yao. Nyumbani akampa saidia fundi kazi anayoiweza, kutembeza miguu na kuinua vumbi, na kila chombo kilipotaka kumwongezea mtu wa kujaza pengo, Muharami alimfuta.

Video ile ilikuwa na watu wachache, na haikuwa na meno meupe. Akamtumia Getruda. Getruda akajibu kwamba akina mama wanaitazama wakilia na kuchekana, kila mmoja akijitafuta. Kuhusu baba yake hakuandika kitu.

Siku ya mashindano ikafika. Uwanja ulijaa hadi barabarani, Bagika upande wa mashariki, Bagalu upande wa magharibi, ngoma zikipigana hewani. Mwanzoni watu walifurika kwa Shigela. Walikuja kuwaona wale waliowaona kwenye simu. Walimwonyesha kidole mama wa goti, wakamshangilia yule kijana. Muharami alisimama mbele, amebana simu mkononi, akitafuta jicho la mzee asilipate.

Ndipo Mhoja akatoa siri yake. Alileta kiboko wa mbao, mkubwa kama mtumbwi, anayefungua kinywa na kutema maji. Watu walipiga kelele moja, wakakimbia. Uwanja uliinama upande ule. Katika muda wa wimbo mmoja upande wa Bagika ulibaki na wazee wasioweza kukimbia na mbuzi wa mtu.

Na Muharami, jamani, ni fundi. Kiboko wa mbao anayetema maji! Alitaka kujua bomba limepita wapi, taya linafungwa na nini. Alisimama kwa ncha za vidole kutazama. Miguu ilimwasha. Lakini alielewa sasa kwamba kwenye uwanja ule miguu ndiyo inayosema, na mtu akishaipeleka haisemi tena kingine. Akakaa palepale, karibu peke yake kwenye kile kipande kitupu, akiwatazama Bagika wakicheza kana kwamba uwanja mzima ni wao.

Shigela akamwona. Aliinua mkono, ngoma zikapungua, akaanzisha wimbo mwingine ambao haukuwa kwenye mazoezi. Alikuwa anautunga hapohapo, kwa Kisukuma, akitembea kumjia. Wachezaji wakaanza kucheka huku wanacheza. Muharami alisikia jina lake katikati ya maneno asiyoyajua, akaogopa, maana alikwishaambiwa kwamba nyimbo hizi zikimshika mtu zinaweza kumfuata maisha yake yote.

Getruda akaja akicheza hadi ubavuni kwake.

"Anakuimba," alisema.

"Ananitukana?"

"Kidogo. Anasema kuna mchoraji Kirumba, mvivu, alituzalia pacha na maadui zetu." Akasikiliza, akizungusha mabega. "Anasema hajui hata Kisukuma. Anauliza, watu wote wamekimbilia kwa kiboko, huyu mbona hakukimbia? Anajijibu mwenyewe. Anasema labda kwao ni hapa."

Bagika walishindwa siku hiyo, walishindwa vibaya, na Mhoja hatawaacha wasahau. Lakini Muharami alikuwa analia waziwazi mbele ya wazee na mbuzi, na Mzee Shigela alikuwa amemfikia, amemshika kifundo cha mkono, anamvuta ndani ya mduara. Kundi zima likapokea kiitikio. Walikuwa wanaliita jina lake kwa ulimi wao, Muhalami, Muhalami, na yeye akawa anaitikia.