Pumzi Nilizokata

Chumba tulichorekodia kilikuwa chumba changu cha kulala, mtaa wa Malangali, na kuta zake nilizifunika kwa mablanketi. Sumbawanga blanketi zito halitafutwi mbali, kila nyumba lipo, maana baridi ya huku haina utani. Niliyapigilia kwenye mbao, nikaziba na dirisha, sauti ikaacha kurudi kutoka ukutani. Kipupwe kikianza niliyashusha nikajifunika, na siku ya kurekodi nikayapandisha tena.

Tulikuwa watatu. Mimi nilipiga gitaa na kushika kompyuta. Mwenzetu mmoja alipiga besi. Wa tatu, huyu ninayeandika habari zake, ndiye aliyeimba. Tulitoka kwenye kwaya ya parokia, tukaanza kupiga kwenye harusi na sherehe za kipaimara. Mwimbaji alikuwa amepanga chumba mtaa wa Kizwite, lakini kwao ni kijijini Kate, na mama yake yuko huko hadi leo, analima mahindi na ulezi. Mwimbaji wetu amefariki. Nalisema mapema ili msomaji asikae akisubiri apone.

Jirani yangu ana mashine ya kusaga. Ikiwaka, hakuna cha kurekodi isipokuwa mashine. Kwa hiyo siku yetu ilikuwa Jumapili, baada ya misa, mashine ikiwa imefungwa. Tuliacha viatu nje, tukafunga mlango, adui akabaki jogoo.

Mimi ni fundi cherehani, na shule niliishia darasa la saba. Kompyuta niliinunua ikiwa imetumika. Kurekodi nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, maneno nisiyoyajua nikiyakisia kwa kuangalia mkono wa mtu unabonyeza wapi. Nilielewa haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ni kazi ninayoijua: unakata, unaunga, halafu unaficha mshono. Kwenye kioo sauti huonekana kama safu ya vilima. Neno lililoimbwa ni kilima cha mviringo. Kikohozi ni mwiba, unauona kabla hujausikia.

Mwimbaji wetu alianza kukohoa wakati mahindi yanabeba. Hakuna aliyeshtuka. Huku kila mtu anakohoa, ni baridi, ni vumbi, ni moshi wa jikoni. Jina la utani la kile kikohozi nililitoa mimi.

"Subirini kwanza, trekta linapita," nilisema, yeye akiwa ameinama mbele ya maiki.

Alicheka mpaka akakalia ndoo. "We fundi, trekta lina njia yake. Lipishe."

"Likipita uimbe," mpiga besi akasema. "Usianze kumpungia dereva."

"Kata hapo basi. Si ndiyo kazi ya kompyuta?"

"Nitakata."

Nikakata. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Akikohoa, mmoja wetu anasema trekta limepita, tunacheka, tunaendelea. Kilikuwa kichekesho kizuri na yeye mwenyewe alikipenda. Akichelewa kuja alikuwa anapiga simu, "Trekta limegoma kuwaka, nakuja kwa miguu."

Ila mimi nilikuwa na hedifoni, na wao hawakuwa nazo. Ukiwa umezivaa, mtu anakuwa kama anapumua ndani ya kichwa chako. Chini ya pumzi yake nilianza kusikia filimbi nyembamba, kama upepo unaopenya kwenye mlango wa bati. Nilifungua nyimbo zetu za mwanzo ili nilinganishe. Huko filimbi haikuwepo. Nililinganisha tena, nikawa na hakika. Kisha nikaingia kwenye simu kutafuta video ya namna ya kuiondoa.

Kufikia mavuno hakuweza tena kumaliza ubeti mzima. Nilimrekodi mstari kwa mstari, anaimba mmoja, anapumzika, anaimba mwingine, mimi nakata pumzi za katikati na kuunganisha. Wimbo tuliokuwa tukiutengeneza aliutunga yeye, na ubeti wake wa mwisho ulikuwa wa Kifipa, aliuweka kwa ajili ya mama yake. Nilipomaliza kuushona ulikuwa mzuri kweli. Ukiusikiliza, utasema mtu huyu amevuta pumzi moja tu na imemtosha hadi mwisho. Tuliupiga kwenye spika harusini, mzee mmoja akatikisa kichwa: "Huyu kijana ana mapafu ya ng'ombe wa jembe!" Watu wakacheka. Mwimbaji wetu alikuwa ameketi nyuma ya spika, koti mpaka kidevuni, akaniangalia, akatabasamu. Mimi nilijisikia fundi.

Siku moja aliniambia, "Nikienda Kate, mama ataniuliza mbona nimekonda."

"Mwambie wasanii wote wamekonda," nikamjibu.

Hakwenda Kate. Mwenye nyumba wake ndiye aliyempeleka hospitali, aliposhindwa kusimama. Mimi nilifika nikasimama karibu na mlango. Daktari alimwuliza kikohozi kimeanza lini, naye akasema, "Juzijuzi tu." Nilikuwa na Jumapili zote zile kwenye kompyuta, ningeweza kumwonyesha daktari mwiba wa kwanza uko wapi. Nikanyamaza. Sijui kama neno langu lingebadilisha kitu wakati ule. Sikuuliza, na hospitali hakutoka mzima.

Tulimzika kwao. Wakati wa kumaliza matanga mama yake aliniita, akasema amesikia kuna wimbo. Nilikuwa nimeuweka kwenye memori kadi. Nikaichomeka kwenye redio yake ndogo, akaisogeza karibu na sikio, dada wa marehemu amekaa pembeni anachambua maharage. Aliusikiliza hadi mwisho. Ubeti wa Kifipa ulipofika, midomo yake ilifuata.

"Ni yeye," akasema. "Lakini hapumui."

Nikadhani redio ina kasoro, nikanyoosha mkono niitazame.

"Mwanangu akitaka kuimba anavuta pumzi kwa pua. Hata ukiwa shambani unajua, haya, huyo anaanza. Hapa haanzi, anatokea tu."

"Mama nawe," binti yake akasema, "si ndivyo nyimbo za redioni zilivyo."

"Mimi sikuzaa redio."

Binti akacheka, na mama naye akacheka kidogo, kisha akanigeukia. "Baba, huna nyingine? Mlizokuwa mnajaribu, kabla hamjazinyoosha. Hata kama si nzuri. Mimi nataka ile anayopumua."

"Nitatazama, mama," nikasema, nikiiangalia redio.

Sikuwa na haja ya kutazama. Fundi hatupi vipande, navyo vyote vilikuwepo, kila Jumapili mahali pake. Mama alinisindikiza mpaka barabara kuu kama anavyosindikiza kila mgeni wake, amenibebea maharage, na njia nzima nilikuwa nahesabu jambo moja. Nikimpa, atasikia kikohozi kikikua, na atajua mimi nilikisikia kabla ya daktari na kabla yake yeye. Nisipompa, atabaki na mtoto asiyepumua.

Nilikaa bila kumpelekea. Salamu zilikuja na watu waliotoka Kate kuja mnadani: mwulizeni fundi, amepata? Niliwaambia bado kazi ni nyingi, sare za shule. Sare zilikuwepo kweli, lakini sizo zilizonizuia.

Halafu nikafikiri njia ya katikati. Nitampa pumzi, nitaondoa vikohozi. Nikavaa hedifoni, nikaanza. Haikuwezekana. Siku zile za mwisho kila pumzi ilikuwa imefungana na kikohozi chake, ukikata kimoja unabaki na kipande kisicho cha mtu. Nikajaribu jambo dogo zaidi, ambalo naona haya kuliandika. Niondoe angalau sauti yangu, nikisema trekta. Tulikuwa na maiki moja, ilichukua chumba kizima. Sauti yangu ilikuwa imelala juu ya kicheko chake. Nikiitoa, kicheko kinaondoka nayo.

Nikaziweka zote kama zilivyo kwenye kadi nyingine, nikapanda gari kwenda Kate.

Nilimkuta anapepeta ulezi uani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umepata?"

"Nimepata. Ila kabla hujasikiliza..."

"Weka kwanza," akasema, akajipangusa mikono kwa khanga.

Nikaweka. Redioni ikatoka pumzi ya puani, ndefu, na mama akafumba macho. "Eeh," akasema polepole. "Huyo." Mstari mmoja ukaimbwa. Kisha kikohozi, kikavu, kirefu, ungo ukiwa bado magotini pa mama. Kisha mimi: subirini kwanza, trekta linapita. Kisha yeye, anacheka.

Alifumbua macho. "Huyo wa trekta ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na anayecheka ni yeye."

"Ni yeye."

Akaacha iendelee. Jumapili moja ikafuata nyingine, mistari ikawa mifupi, trekta likawa halikawii kurudi. Kuku walikuja kwenye ungo, hakuwafukuza. Ilipofika mahali anaimba maneno matatu na kupumzika, mama aliizima.

"Hii ya kwanza ni ya lini?"

"Mahindi yalikuwa yanabeba."

"Yalikuwa yanabeba," akarudia. "Kwenye simu alikuwa haongei. Anasema mama nakupenda, anakata. Nikadhani ana mwanamke ananificha. Nikawa nafurahi." Alikusanya ulezi uliomwagika, punje kwa punje. "Wewe ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia, mama. Kuliko wote."

"Na namba yangu ya simu unayo."

"Ninayo."

Nilitaka kumwambia kuhusu baridi, kwamba huku wote tunakohoa. Yalikuwa kweli na yalikuwa mdomoni, nikayaacha humo humo. Niliomba msamaha. Alinisikiliza hadi nikamaliza, lakini hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Aliingia ndani, akatoka na ile memori kadi ya kwanza, yenye wimbo ulioshonwa, akaniwekea mkononi.

"Hii wapelekee watu wa harusi," akasema. "Mimi nimepata yangu."

Nikaaga. Akaitikia vizuri, "Haya, baba, salimia huko," lakini hakuinuka. Nilitoka uani peke yangu na kushika njia ya kwenda barabarani, polepole, nikidhani pengine atanifuata. Nyuma yangu redio ikawashwa tena, sauti imepandishwa. Kikohozi, halafu mimi na trekta langu, halafu kicheko. Akairudisha nyuma. Pumzi ya puani, kikohozi, mimi, kicheko. Nilikuwa bado nazisikia nilipofika kwenye shamba la jirani, na hapo nikasimama, kwa sababu niliona si haki kuondoka kabla hajamaliza.