Ua la Nyantende Lililosafiri Ndani ya Kanyanga

Niliondoka Bukavu kwa sababu ya ubishi, na ubishi wenyewe ulikuwa juu ya ua. Miaka hiyo ya Zaïre nilikuwa nachora mimea kwa ajili ya kitabu cha profesa mmoja Mbelgiji. Kati ya michoro yangu yote alikuwa amechagua mmoja tu uchapishwe kwa rangi: okidi nyekundu ya mabwawa ya milimani, ile wataalamu wanayoiita Disa. Ilikuwa picha yangu ya kwanza kuingia kitabuni. Wiki nzima nilitembea mjini kama bibi arusi, nikisalimia hata watu nisiowajua.

Shida ilikuwa jina la kuandikwa chini ya picha. Okidi hii ni spishi moja, lakini ina nususpishi zake, yaani ndugu wa tumbo moja waliokulia mikoa mbalimbali. Ile ya mkoa wa Shaba, kusini kabisa, petali zake mbili ndogo zinachungulia nje ya kofia ya ua. Ya kwetu Kivu, mimi nilikuwa naapa, petali zimejificha ndani. Profesa hakusadiki. Ua likishakaushwa kwenye karatasi, kofia inalala bapa, na hapo hakuna anayejua nini kilikuwa ndani na nini kilikuwa nje.

"Citoyenne," aliniambia Ijumaa, maana miaka ile kila mwanamke aliitwa mwananchi, "Jumatatu asubuhi napanda ndege Kavumu. Niletee ua bichi. Bila hilo, tunaandika Shaba."

Shaba! Ua la milima yetu lipewe jina la watu wa mbali, tena chini ya picha yangu? Siku hiyohiyo nilikwenda soko la Kadutu, nikawatuma wauza ndizi wampelekee habari Maman M'Cirhuza, rafiki wa mama yangu anayelima juu ya kijiji cha Nyantende: nakuja Jumapili kuona maua mekundu ya bwawani.

Jumapili, alfajiri, nilishika njia kwa miguu, ubao wa kuchorea ukiwa kwapani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulinata kwenye viatu kama bugali. Kwenye mpando nilipishana na wanawake walioteremka na vikapu mgongoni, kamba zimepita kwenye paji la uso. Mmoja aliuangalia ubao wangu kwa huruma.

"Maman, unabeba mulango unaenda nao wapi?"

"Si mulango, ni ubao wa kuchorea."

"Aa. Na nyumba yake iko wapi?"

Walicheka mpaka kona ya pili, na mimi nikacheka nao. Asubuhi ile hata kuteleza kulinifurahisha. Nilianguka mara moja, nikainuka nikiimba.

Nyantende, baada ya ibada, nilisikia ngoma kabla sijaona nyumba. Halafu nikaona upinde. Walikuwa wamesimamisha mianzi juu ya njia, kama wanavyofanya Commissaire wa zone, yaani mkuu wa wilaya, akija kutembelea, na upinde wote ulikuwa mwekundu kutoka chini hadi juu. Nilicheka kwa furaha. Nikasogea, nikaona ile nyekundu ni nini.

Ilikuwa okidi yangu. Bwawa zima lilikuwa pale juu, limefungwa kwa kamba za migomba, limechumwa jana yake wakati wa Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Jua lilikuwa limeshayamaliza maua. Kofia zote zilikuwa zimebonyea.

Maman M'Cirhuza alinikumbatia. "Karibu, mutoto wangu. Kule ku bwawa matope inafika ku magoti. Mugeni atachafuka miguu namna gani, na sisi tuko? Tukakuchumia."

"Yote, maman?"

"Yote kabisa. Hata moja hatukuacha." Alisema hivyo kwa fahari kubwa.

Nilitaka kukaa chini nilie. Lakini mgeni aliyejengewa upinde anacheza, hakuna njia nyingine. Basi nilicheza chini ya maiti za maua yangu, machozi yakinitiririka, na watu wakaambiana kwamba mutoto wa mujini anajua kushukuru. Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo hakuna shule iliyonifundisha: ukiomba kwenda kuona kitu kwa watu wanaokupenda, waombe pia wasikuletee.

Nyumbani kwake alinipa bugali na maharagi, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, juu. Kikombe cha pili kilinifungua mdomo. Nikamweleza yote: kofia, petali, Shaba, ndege ya Jumatatu. Alisikiliza huku anatafuna polepole.

"Sasa unataka ile yenye haikunyauka?"

"Ndiyo, maman."

"Basi simama. Ya Mungu haikunyauka."

Kanisani, kwenye altare, kulikuwa na kopo la maji. Ndani yake mlikuwa na vikonyo vya Disa vilivyotengwa jana yake jioni kwa ajili ya ibada, vibichi kana kwamba bado viko bwawani. Nilipiga magoti. Katekista, Papa Mweze, alidhani nasali, akavua kofia. Nikachukua pini ya nywele, nikainua kofia ya ua taratibu. Petali zilikuwa ndani, zimejikunja kama watoto wawili chini ya blanketi moja. Nilipiga vigelegele kanisani, Mungu anisamehe.

Nilichora haraka, kisha nikaomba kikonyo kimoja cha kumpelekea profesa. Papa Mweze akatikisa kichwa. "Kitu ya altare haitoke, mpaka padiri akuje."

"Padiri anakuja lini?"

"Alhamisi."

Alhamisi profesa angekuwa Ulaya, na ua langu lingekuwa mwananchi wa Shaba. Maman M'Cirhuza akajitia katikati. "Papa Mweze, hii maua ni nani aliotesha? Ni wewe ao ni Mungu?"

"Ni Mungu."

"Basi anajua kuotesha ingine."

Katekista alifikiri sana. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba nisali kwanza rozari nzima. Niliisali mbio, na yeye akanirudisha nyuma kila niliporuka Salamu Maria.

Ilibaki safari. Jua lingelinyausha ua kabla sijafika mjini, na dawa ni moja: kulizamisha ndani ya pombe kali. Rangi ingepauka, lakini umbo lingebaki. Nikatoka nje, nikawauliza watu kama kuna mwenye kanyanga, ile pombe ya kukeneka iliyokatazwa na serikali na kusemwa vibaya na katekista kila Jumapili.

Wote wakatazama mawingu. "Hapa kwetu? Haiko." "Hata harufu yake hatuijue."

"Si ya kunywa," nikasema. "Ni ya ua."

Kisha Papa Mweze akaingia kwake polepole, akatoka na chupa. "Iko ya kusugua mugongo," alisema, bila kumtazama mtu. Kijiji kizima kilianguka kwa kicheko, na ghafla kila nyumba ikawa na mtu mwenye mgongo unaouma.

Jioni, kwenye kizuizi cha kuingia mjini, askari alinusa chupa. "Maman, hii ua inalewesha." Akaipeleka mdomoni. Nikamwambia anywe tu, chef, lakini ajue ua limetoka altareni na limesaliwa rozari. Aliitazama chupa kwa majonzi, akafanya ishara ya msalaba, akanirudishia.

Kwa profesa, barazani, nilisimama nikiwa na matope mpaka kiunoni. Alilitoa ua, akaweka lenzi jichoni, akainua kofia ya ua.

"Zimo ndani," alisema. Akavuta karatasi ya picha yangu, akafuta Shaba aliyokuwa ameshaiandika, akanipa penseli. "Andika mwenyewe."

Niliandika Kivu mbiombio, herufi ya kwanza ikapinda, na kitabuni waliuchapisha mwandiko wangu vilevile. Kitabu kilipofika nilimpelekea mama, ambaye hajui kusoma. Alilitazama ua muda mrefu, kisha akaweka kidole chini yake.

"Na hapa, waliandika nini?"

"Kwetu," nikamwambia.