Eulalia na Machicha ya Machungwa

Eulalia Tiburcio alikamua machungwa miaka kumi na tisa katika kiwanda cha juisi, kule kwetu Veracruz, Meksiko, mpaka walipoleta mashine mpya na kuwaambia wanawake wa zamu yake waende nyumbani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sisi wengine tuliondoka tukilia. Yeye aliondoka akiyatazama malori yanayomwaga machicha kando ya mto.

Mto ule ulikuwa na historia yake. Yeye na mdogo wake, Fidencio, walikulia humo, wakivua samaki aitwaye bobo kwa mikono chini ya mawe. Bobo wakatoweka. Fidencio naye akavuka mpaka wa Marekani akiwa na miaka ishirini, akaingia kiwanda cha kuku huko Georgia. Hana karatasi za kuishi huko. Akitoka, hataruhusiwa kuingia tena. Kwa hiyo hajatoka, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Hata mama yao alizikwa yeye akisikiliza kwenye simu.

Eulalia alichimba bwawa nyuma ya nyumba, akatia vifaranga vya perege. Bei ya chakula cha dukani ilimshinda. Ndipo akakumbuka machicha, na wale funza wanene wa nzi weusi waliojaa humo. Akaomba lori moja limwagwe kwake.

Mara ya kwanza funza walikufa karibu wote. Mafuta ya maganda mabichi yaliwaua. Akajifunza kuyavundika machicha kwenye mapipa wiki mbili, kisha kuyachanganya na makapi ya mahindi kutoka kinu cha tortila, zile chapati zetu za mahindi. Harufu yake sitaki kuisimulia.

"Eulalia," nilimwambia kutoka upande wangu wa ua, "nzi wote wa Veracruz umewaalika wewe?"

"Nimewaalika, shoga. Wana adabu kuliko wewe, hawaombi kahawa."

Fidencio, kwenye simu, alimcheka vibaya zaidi. "Dada, watu wana ng'ombe, wewe unafuga funza! Nikiulizwa huku dada yangu anafanya nini, niseme nini?"

"Sema ana mifugo elfu hamsini."

Safari hii funza walinenepa. Walipokomaa walipanda wenyewe kwenye ubao aliouegemeza pipani na kuangukia ndani ya ndoo. Akawaanika, akawatwanga na mahindi, akafinyanga vidonge. Perege walivipigania. Mwezi wa saba walikuwa wakubwa kama kiganja cha mwanamume, na nyumba nane za mtaani zilikula.

Perege wanane wa kwanza hakuwagawa. Aliwapaka chumvi na pilipili, akawakausha kwa moshi, akawafunga kwenye majani ya migomba, akampa Doña Crispina, yule mwenye viza anayepeleka vifurushi vya watu kaskazini kila mwezi.

Siku kifurushi kilipomfikia Fidencio nilikuwa kwa Eulalia. Simu ililia. Tulimsikia Fidencio akitafuna.

"Eeh?" Eulalia akauliza. "Wana ladha ya bobo?"

"Hapana, dada."

"Najua."

"Hawafanani hata kidogo." Akatafuna tena. "Lakini moshi ni wa kwetu. Umetumia kuni za mchungwa."

Eulalia alifunika mdomo kwa aproni. Nilitaka kutoka, akanishika mkono.

"Dada," Fidencio akasema baadaye, "unawalisha saa ngapi?"

"Ningekuwa nawalisha sasa hivi, kama usingenipigia."

"Nenda nayo simu. Iweke pale karibu na maji. Usiseme kitu."

Tukatoka. Aliiweka simu juu ya tofali ukingoni, akarusha vidonge konzi moja, na maji yakachemka kwa mikia.

Tangu siku hiyo Fidencio anapiga kila Jumapili saa kumi na moja jioni. Jumapili nyingine huwa hana hata salamu. Eulalia huiweka simu palepale, hurusha chakula polepole ili kidumu, na wote wawili husikiliza.